Wa Tisa Bado

Kila siku ya shule Tilda Dobson alifika nyumbani saa tisa na nusu alasiri, akatundika koti lake nyuma ya mlango, akabandika birika na kumchomea bibi yake vipande viwili vya mkate. Wakinywa chai husikiliza king'ora. Kikilia mara ya kwanza, maji ya ghuba yameanza kurudi. Kikilia mara ya pili, asiwepo mtu mchangani. Katika kijiji cha Sandrigg watoto hufundishwa king'ora kabla ya kufundishwa herufi, kwa sababu maji ya hapo hayaji kwa mawimbi. Hunyemelea kwenye mifereji na kukuzunguka nyuma wakati wewe unatazama mbele.

Alhamisi moja ya mwezi Novemba, Bibi Maud hakugusa chai yake. Alikuwa amevaa miwani, ameishika barua ya shule kwa mikono miwili.

"Hisabati, nzuri," alisoma. "Sayansi, inaridhisha. Haya, si mbaya. Historia..." Akaisogeza barua karibu na taa. "Tilda! Historia wameandika *outstanding*!"

Tilda aliacha kutafuna.

Kwa Waingereza neno hilo ni sifa kubwa. Husemwa juu ya kitu au mtu aliyewapita wenzake kwa mbali, na Bibi Maud alilijua kwa maana hiyo tu. Lakini neno hilohilo lina maana ya pili, ya jambo lililobaki bila kutimizwa. Tilda aliijua maana hiyo vizuri mno. Kwenye kompyuta ya shule, kila mwanafunzi ambaye hajakabidhi kazi yake huandikiwa neno hilo mbele ya jina. Mwalimu Sowerby alikuwa amewapa wiki tano wakaandike habari za watu waliozama ghubani zamani, gari lao la farasi lilipodidimia mchangani, wakazikwa kwenye uwanja wa kanisa. Wiki tano zilikwisha, na Tilda hakuwa ameandika hata mstari.

"Njoo nikubusu, kipenzi changu!" Bibi Maud alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne kwenda kuosha sakafu za watu. Sijawahi kuandikiwa neno kama hili maishani."

Tilda alifungua mdomo. Akaufunga bila kusema ukweli. Aliinama, akabusiwa.

Kesho yake habari ilitangulia kila mahali alikopita. Mwenye duka la mikate alimpongeza. Mtu wa posta alimvulia kofia. Jioni Mchungaji Fell, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, alisimamisha baiskeli yake mbele ya lango lao.

"Tilda, Jumapili hii tunawakumbuka waliozama. Bibi yako amenikubalia kwa niaba yako. Utatusomea kazi yako kanisani."

"Kanisani? Mbele ya watu wote?"

"Kazi bora kama hiyo itasomwa wapi tena?"

Rafiki yake Bridie, waliyekaa naye dawati moja na aliyekuwa naye hapo langoni, alisubiri hadi baiskeli ikapinda kona. Kisha akapasuka kwa kicheko.

"Kazi ipi, wewe? Hata kichwa cha habari huna!"

"Punguza sauti, Bridie."

"Mwambie bibi yako."

"Nimwambieje sasa, na ameshatangaza kijiji kizima? Nitaiandika kesho. Nikishaiandika, si itakuwa kweli?"

Bridie aliacha kucheka. "Utakuwa umeandika," alisema. "Kweli ni kitu kingine."

Jumamosi alasiri Tilda alimwambia bibi yake anakwenda kwa Bridie, akashika njia ya kanisani na daftari chini ya koti. Uwanja wa makaburi wa Sandrigg uko mwisho kabisa wa nchi kavu; ukuta wake wa mawe ndio mpaka, na nyuma ya ukuta ni mchanga mtupu. Ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka ghubani. Ulipita juu ya ukuta polepole, ukafunika makaburi ya mbali, kisha ya karibu, mpaka Tilda akawa haoni mlango wa kanisa alioupita sasa hivi.

Mawe aliyoyataka yalikuwa manane, yamepangwa mstari mmoja. Kuvu la kijivu lilikuwa limejaa kwenye herufi, ikabidi azisome kwa kidole kama kipofu. William Harker, miaka arobaini. Aliandika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"William Harker," ilisema sauti. "Miaka arobaini."

Tilda aligeuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na weupe tu, na tone la maji likidondoka kutoka tawini.

"Alice Harker," sauti iliendelea, taratibu, bila kutoka upande wowote. "Miaka thelathini na sita."

Jiwe la pili alikuwa hajalifikia. Alilisogelea, akapitisha kidole. A. L. I. C. E. Alikwenda la tatu, na kabla hajaligusa sauti ilikwisha kulitaja. La nne pia, na la tano. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu anatembea hatua moja mbele yake ndani ya ukungu, akiwaita wafu kwa zamu. Ikafika la nane. Ikanyamaza.

Mawe yalikuwa yamekwisha. Tilda alishusha pumzi.

"Wa tisa," ilisema sauti. "*Outstanding*."

Daftari lilimponyoka. Hakuliokota. Alikimbia bila kuangalia, akajigonga goti kwenye kaburi, akaona uwazi ukutani akadhani ni lango, akapenya. Alikimbia hadi alipohisi ardhi chini yake imekuwa laini.

Alisimama. Pande zote palikuwa sawasawa, weupe juu na rangi ya majivu chini. Mguu wa kulia ulikuwa umezama hadi kifundoni. Aliuvuta, ukatoka bila kiatu. Ndipo king'ora kilipolia, mbali sana, kama kinalia ndani ya chupa. Alikihesabu. Kilikuwa cha pili; cha kwanza kilimkuta njiani akija makaburini.

Mbele yake palisikika mlio mdogo, kama mtu anayelamba midomo. Maji yalikuwa yanaingia mferejini. Alirudi nyuma, akasikia mlio uleule nyuma yake.

"Nisaidieni!" aliita. Aliita mara moja tu, kwa nguvu zote, na ukungu ukalimeza neno. Baada ya hapo hakuthubutu kuita tena, kwa kuogopa nani angeitika.

Hapo kengele ya kanisa ikaanza kulia. Haikulia kwa mpango wa ibada. Ilipigwa ovyoovyo, kwa haraka, bila kupumzika. Tilda alikumbuka alivyofundishwa: usikimbie, chagua sauti moja uifuate, usisimame. Aliupa kisogo ule mlio wa maji, akaifuata kengele. Maji yalimfika kwenye mashavu ya miguu, yakamfika magotini, yakashuka tena. Halafu mkono wake ukagusa jiwe lenye ubaridi, na jiwe lilikuwa ukuta wa makaburi.

Mchungaji Fell alimkuta hapo ameukumbatia ukuta kwa mikono miwili. Alimfunga blanketi, akamkalisha mbele ya hita katika chumba kidogo cha nyuma ya kanisa. Mezani palikuwa na kitabu kikubwa kilichofunguliwa, na juu yake dirisha lenye ufa mpana kama mkono.

"Ulikuwa wewe?" Tilda aliuliza, meno yakigongana. "Uliyekuwa unawataja?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya kesho. Dirisha hilo halifungiki tangu mwaka jana. Pole sana, mwanangu. Sikujua kama kuna mtu nje."

Alimwonyesha kitabu. Kilikuwa cha mazishi, kimeandikwa na mchungaji wa zamani kwa wino uliogeuka kahawia. Majina manane, na chini yake mstari mmoja: *Wa tisa, msichana wa kazi. Outstanding.*

"Yaani hajaonekana," alisema Tilda polepole.

"Hajaonekana mpaka leo. Na jina lake hakuliandika." Mchungaji aligusa ukurasa. "Mwenzako mliyekuwa naye ni nani? Amekwenda kwao?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Mbona nilisikia watoto wawili wakiita, hadi nikapiga kengele?"

Waliangaliana. Nje, maji yalikuwa yanapiga ukuta.

"Labda ni mwangwi," Mchungaji alisema hatimaye. "Ukungu una mambo yake."

Tilda alianza kulia. Alisema yote, tangu barua hadi daftari, na jinsi neno moja lilivyompamba na kumtesa kwa siku mbili. Alipomaliza, Mchungaji alimwambia tu, "Mimi umeniambia. Bado mmoja. Twende nikupeleke kwake."

Bibi Maud alisikiliza amesimama, ameushika mgongo wa kiti. Alipoona mguu usio na kiatu, alikaa.

"Kwa hiyo hawakukusifu," alisema. "Walikuwa wanakudai kazi."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nimekwenda mpaka kwa mwenye duka la mikate, Tilda. Mpaka kwa yule Nelly ninayegombana naye!"

"Najua, Bibi."

"Na ungekufa mchangani, ningewaambia watu alikufa mtoto hodari wa historia." Sauti yake ilikatika. Alimvuta mjukuu wake, akamshika kwa muda mrefu, kwa nguvu hadi mbavu zikauma. Kisha akamwachia. "Mimi nilikutangaza. Kulitangua tangazo hilo ni kazi yako."

Jumapili Tilda alipanda mbele ya watu wote mikono mitupu. Alisema hana kazi ya kusoma, kwamba neno la kwenye barua lilimaanisha hakuandika kitu, na kwamba alimwacha bibi yake aamini vingine. Benchi moja lilitoa mlio. Nelly alikohoa. Bibi Maud alibaki kichwa juu, macho kwa mjukuu wake.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Sowerby kabla ya kengele na kumweleza. Mwalimu alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alimpa wiki mbili, na adhabu ya kubaki darasani kila alasiri mpaka amalize. "Na yule wa tisa?" Tilda aliuliza. "Hakuna kitabu kinachomtaja?" Mwalimu alifikiri kidogo, akafungua kabati la chini lenye madaftari ya kila siku ya shule ya zamani.

Siku ya saba, Tilda alifika ukurasa ulioandikwa usiku wa kuamkia ajali. Alisoma, akaita, "Mwalimu, njoo!"

*Leo Jennet Airey, miaka kumi na miwili, ameacha shule. Kesho anavuka mchanga na familia ya Harker kwenda kazini. Mtoto mpole. Bado ana kitabu chetu kimoja.*

Mwalimu Sowerby aliusoma mara mbili. Alivua miwani.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alimwachia Tilda asome majina. Alisoma manane, kisha akavuta pumzi na kusoma la tisa, na watu wa Sandrigg wakaitika Amina kwa Jennet Airey kwa mara ya kwanza. Wakati wa kutoka, Bibi Maud alimshika mkono kwenye ngazi.

"Sikiliza, Tilda. Mtu akikusifu kwa makosa nawe ukanyamaza, umesema uongo bila kufungua mdomo. Na uongo wa namna hiyo ndio mzito, maana mwingine ndiye anayekubebea, tena kwa furaha. Siku nyingine nirudishe mapema, kabla sijafika dukani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Vizuri. Sasa twende kwa Nelly. Ninalo la kumwambia kuhusu jina ulilolipata, na safari hii ni la kweli."