Maono ya Clarisse

Kila asubuhi kabla ya shule, Clarisse alikwenda bombani na kidumu chake cha njano, kama watoto wengine wa mtaa wao katika mji wa Baraka. Zamani foleni ya maji ilikuwa sehemu tamu ya siku. Yeye na rafiki yake Inamahoro walikalia vidumu vyao, wakarudia masomo ya jana na kuiga namna mwalimu wa hesabu anavyotembea. Siku hizi mambo yalikuwa mengine. Clarisse alipotokea tu, wanawake walisogea pembeni.

"Pita mbele, mutoto wa Mungu," walimwambia, na mmoja wao akamjazia maji.

Inamahoro alibaki nyuma ya foleni, akimtazama kama mtu asiyemfahamu.

Clarisse alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la mji. Baba yake alikuwa machimboni upande wa Misisi na alirudi mara chache. Walikuwa waumini wa kanisa la Mchungaji Albert, jengo la matofali lenye mabati yaliyoshika kutu. Lakini tangu mapigano yalipoenea katika milima ya Fizi na barabara zikawa zinafungwa ovyo, waumini wengi walilihama kanisa lile. "Mchungaji anafundisha vizuri," walisema, "ila haoni." Walitaka mtu wa kuona: nani amewafanyia ubaya, nani atarudi salama, nani asisafiri kesho. Basi walikwenda kwa Mama Godelieve, aliyefungua chumba cha maombi nyumbani kwake. Mama yake Clarisse naye alikwenda, na binti yake akamfuata.

Jumamosi moja, watu walikuwa wamefunga tangu alfajiri, na chumba kilikuwa na joto kali. Clarisse alipiga magoti, akafumba macho, na usingizi ukamchukua. Mtu mmoja alipopaza sauti karibu naye, alishtuka na kupiga ukelele. Watu wote wakamgeukia.

Mama Godelieve, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, alimjia. "Umeona nini, mutoto? Sema!"

Clarisse alimtazama mama yake, akaona amekunja uso. Kulala katikati ya maombi kulikuwa aibu, na alijua kwamba nyumbani fimbo ingemngoja. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni: "Nimeona mwanaume. Amevaa koti kubwa. Anateremka mlima, anarudi nyumbani."

Hakuwa ameona kitu. Maneno yale aliyatoa katika picha ya mwana mpotevu iliyobandikwa ukutani kwenye darasa la shule ya Jumapili.

Kesho yake jirani yao Eugène, ambaye alikuwa ameenda Lubondja milimani kununua mahindi na watu wakaanza kumlilia kwamba amekufa, alitokea barabarani. Miguu yake ilikuwa imevimba, na mwilini alikuwa na koti la mvua. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. "Mutoto alimuona! Mutoto wa Mama Clarisse alimuona!"

Clarisse alitaka kusema ukweli siku ile ile, lakini aliona heri angoje furaha ya watu ipungue. Haikupungua. Watu walianza kuleta unga, sabuni na hata kitenge kipya kwa mama yake. Mama, ambaye kwa muda mrefu alirudi kutoka sokoni akiwa kimya, akaanza tena kuimba akipika sombe ya majani ya mihogo. Clarisse angewezaje kumnyamazisha? Alijiambia atasema wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, kusema kulikuwa kugumu kuliko mwanzo.

Mama Godelieve alimwekea kiti mbele ya watu, akakifunika kitambaa cheupe. Alimkataza kuruka kamba, kwa kuwa mwonaji hachezi. Alimkataza kukaa na watoto wengine, wasije wakampunguzia nguvu. Baada ya shule Clarisse alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti, na watu walipiga magoti mbele yake na kumuuliza mambo ambayo hata mtu mzima hangeweza kuyajibu. Alijifunza kusema maneno yanayomfaa kila mtu: "Naona njia," au, "Naona machozi, lakini yatafutwa." Walishukuru wakalia. Usiku alijigeuza kitandani bila usingizi. Mama Godelieve hakuwa mtu mbaya. Aliamini kila neno la Clarisse kwa moyo wake wote, na jambo hilo ndilo lililomkaba mtoto zaidi. Kama angekuwa mwongo mwenzake, angeweza kumwambia. Kwa mtu anayemwamini hivi angeanzia wapi?

Siku moja alikuja Mama Consolate, mama yake Inamahoro. Alikuwa Mrundi aliyekimbilia kwanza kambi ya wakimbizi ya Lusenda, kisha akahamia Baraka kulima mashamba ya watu. Kipindupindu kilikuwa kimeanza kando ya ziwa, na alikuwa na mtoto mdogo, Claver.

"Mwanangu," aliuliza akiwa amepiga magoti, "ugonjwa huu utaingia kwangu?"

Clarisse alikuwa amechoka. Alitaka mama huyu ainuke tu, naye aende nyumbani. "Hapana," alisema. "Nyumba yako imelindwa. Hakuna ugonjwa utakaoingia."

Mama Consolate alimshika mikono akaibusu.

Siku chache baadaye, Clarisse akiwa amekaa kwenye kiti chake, mlango ulifunguka na Mama Consolate akaingia mbio. Alikuwa amembeba Claver mikononi, na Inamahoro alikuwa nyuma yake. Kichwa cha mtoto kilining'inia. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na kitambaa alichofungwa kiunoni kilikuwa kimelowa maji meupe kama yale ya kuoshea mchele.

"Tangu asubuhi anaharisha na kutapika," mama alisema. "Mumuombee!"

Clarisse aliinuka kwenye kiti. Shuleni muuguzi alikuwa amekuja kuwafundisha dalili zile zile. Clarisse alinyoosha mkono, akafinya kidogo ngozi ya tumbo la Claver. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Mumpeleke hospitali," alisema haraka. "Nimeona hospitali. Mungu anasema hospitali."

Mama Godelieve alimwinamia. "Clarisse, juzi Bwana alikuonyesha kwamba nyumba hii imelindwa. Leo anaonyesha hospitali? Bwana hajipingi. Kuna roho ingine inayotaka kutuchanganya. Tutaomba kwanza, na jioni utaona tena."

Watu waliitikia amina. Wakamlaza Claver kwenye mkeka na kuanza kuimba. Mtu mmoja aliufunga mlango ili wapita njia wasisumbue. Clarisse alibaki amesimama. Sasa alielewa jinsi alivyojifunga. Uongo wa juzi ulikuwa umemlaza Claver hapo kwenye mkeka, na uongo wa leo haukuwa na nguvu ya kumwinua. Kilichobaki ni kile kitu alichokikimbia siku zote.

"Mimi siyo mwonaji!" alipiga kelele juu ya nyimbo. "Sikuona kitu! Sijawahi kuona kitu hata siku moja!"

Nyimbo zilikatika.

"Adui amemshika ulimi," mwanamke mmoja alisema kwa hofu.

"Mumshike," alisema Mama Godelieve. "Tumuombee na yeye."

Mikono mingi ilimwangukia kichwani na mabegani. Clarisse alilia, akajaribu kujinasua, na kadiri alivyozidi kusema ukweli, ndivyo walivyozidi kuomba kwa sauti. Alipokuwa mwongo walimwamini, na sasa hakuna aliyemsikia. Kati ya miguu ya watu alimwona Inamahoro amepiga magoti kando ya ndugu yake.

"Inamahoro!" aliita. "Yule mwanaume wa koti ni wa ile picha ya shule ya Jumapili! Wewe unaijua! Nilikuwa nimelala tu, nikaogopa kupigwa!"

Inamahoro aliinua uso. Picha ile aliifahamu vizuri, kwa kuwa waliitazama pamoja kila Jumapili. Akamgeukia mama yake na kumwambia maneno ya haraka kwa Kirundi. Mama Consolate alisimama polepole.

"Mi niliacha kutia dawa katika maji ya kunywa," alisema. "Niliacha kwa sababu ya neno lako, Clarisse. Ulinidanganya?"

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

Mama yake Clarisse alikuwa amekaa ukutani muda wote huo, mkono mdomoni. Aliinuka, akapenya kati ya watu, akamshika binti yake kidevu na kumtazama machoni. Hakuna aliyeujua uso ule vizuri kuliko yeye.

"Mumwachie mutoto wangu," alisema. "Iko anasema kweli."

"Mama Clarisse, usizime moto wa Bwana!" Mama Godelieve alimwonya.

"Moto gani, dada? Mutoto wa mwenzetu anakufa." Alikwenda mlangoni, akatoa komeo, na mwanga ukaingia.

Barabarani walimsimamisha kijana wa pikipiki ya taksi-moto. Mama Consolate alipanda na Claver kifuani, na Clarisse na Inamahoro walikimbia nyuma yao kwa miguu mpaka kwenye kituo cha kutibu kipindupindu. Pale getini walinyunyiziwa dawa kwenye viatu na kuambiwa wangoje nje. Kupitia uzio waliona muuguzi akitafuta mshipa katika mkono mwembamba wa Claver, akikosa, akijaribu tena. Hatimaye serumu ikaanza kudondoka kutoka kwenye chupa iliyoning'inizwa. Wasichana wale wawili walikaa chini kando ya uzio. Muda mrefu ulipita kabla muuguzi hajatoka.

"Amekojoa na anaomba maji," alisema. "Atapona. Kama mngengoja mpaka jioni, mngetuletea maiti."

Inamahoro alilia, akiwa amempa Clarisse mgongo. Kisha, bila kugeuka, alisogea kidogo mpaka mgongo wake ukamgusa Clarisse begani.

Mchungaji Albert, ambaye alizoea kuja pale kuwatembelea wagonjwa, aliwakuta wamekaa vile. Clarisse alimweleza yote, tangu usingizi wa Jumamosi mpaka mlango uliofungwa. Mchungaji hakumkaripia wala hakumkatiza.

"Unaweza kuwaambia watu kwa niaba yangu?" Clarisse aliomba.

"Hapana, mwanangu. Wakilisikia kutoka kwangu, watasema ninawaonea wivu. Wewe uliyefunga ndiye utakayefungua. Ila nitasimama karibu yako."

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, kwa kuwa habari ilishaenea. Clarisse alisimama mbele, akasema ukweli wote. Wengine waliguna. Mwanamke mmoja alimwita mchawi akatoka nje. Mwingine alidai arudishiwe sabuni yake, na mama yake Clarisse akajibu kwa sauti, "Nitarudisha vyote." Ndipo Eugène alipoinuka kwenye benchi la nyuma.

"Mimi kule Lubondja nililala porini nikila mihogo mibichi," alisema. "Mungu alinilinda hata kama hakuna mutu aliyeniona. Mumwachie huyu mutoto akae chini." Watu kadhaa walicheka, na Clarisse akapata pumzi.

Baada ya ibada, alipokuwa akifagia kanisa na mama yake, Mama Godelieve aliingia. Hakuwa amekuja kwenye ibada. Alisimama mlangoni, na sauti yake nzito ilikuwa imepungua.

"Clarisse, sitakupiga," alisema. "Nina swali moja tu. Kijana wangu Vainqueur alichukuliwa na wenye silaha kule juu Fizi, wakati wewe ulikuwa bado mutoto mudogo sana. Siku zote nilitaka kukuuliza kama anaishi, nikaogopa jibu. Katika yale yote, hukumwona hata mara moja? Hata kidogo?"

Clarisse alishika ufagio kwa nguvu. Neno moja tamu lingempa mama huyu usingizi. Alilijua neno hilo, na alijua jinsi lilivyo rahisi.

"Sijui, mama," alisema. "Sikumwona. Sijui."

Mama Godelieve alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kitenge chake na kulia. Mchungaji Albert alikuja akaketi kando yake.

"Hata mimi sijui, dada yangu," alisema. "Na nimekosa. Kijana wako alipochukuliwa, nilikuhubiria Jumapili, halafu sikuja kwako Jumatatu. Watu waliachwa peke yao na hofu, wakatafuta mtu wa kuwaambia kesho kuna nini. Endelea kuomba nyumbani kwako, nami nitakuja tuombe pamoja. Lakini mgonjwa asifungiwe ndani tena. Apelekwe kwa waganga wa hospitali, sisi tuombe njiani."

Mama Godelieve aliitikia kwa kichwa bila kufunua uso.

Kisha mchungaji akamgeukia Clarisse. "Uongo wako ulianza mdogo, ukitaka tu kukukinga na fimbo. Ukautunza, ukakua, ukakufungia mlango wewe na wenzako, na karibu umuue Claver. Mtu akikuuliza usichokijua, mwambie hujui. Hiyo haimpunguzii Mungu kitu. Imani ya kweli haiogopi ukweli, na haiogopi dawa."

"Ndiyo, mchungaji," alisema Clarisse.

Aliegemeza ufagio ukutani. Alitaka kwenda nyumbani, lakini Mama Godelieve bado alikuwa akilia, na hakuwa na kitu cha kumpa. Akaenda kukaa upande wake wa pili, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi aliomba bila mtu kumuuliza ameona nini.