Mvua Nyekundu ya Ulindwa

Zama za misafara ya pembe, nchi ya bara ilipokuwa bado chini ya watemi wake, palikuwa na mji ulioitwa Ulindwa, umezungushiwa boma la magogo. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, rugaruga, wale askari wa kukodiwa wenye magobore na vilemba vyekundu, waliuzingira mji huo. Wakakiteka kisima kilichokuwa nje ya lango, kisha wakakaa kitako, kiu iwafanyie kazi.

Nyanjige alikuwa mjane mchanga. Mumewe, Masele, aliuawa siku ya shambulio la kwanza, akilisukuma lango kwa bega mpaka likafungika. Akazikwa palepale ndani ya boma, na mkewe akawa anashinda kando ya kaburi, hana wa kuzungumza naye. Si kwamba watu hawakumhurumia. Kiu ilikuwa imewakausha hata maneno.

Hatimaye Mtemi Lugendo akawakusanya watu wake.

"Watoto wanatufia mikononi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Leo jua likianza kushuka, tutafungua lango. Watufunge kamba, watupeleke watakako."

Nyanjige alihisi moyo unampasuka. Masele alikufa ili lango lifungwe, leo wenyewe walifungue kwa mikono yao!

Lakini kabla jua halijashuka, likatanda wingu la rangi ya kutu, na mvua ikamwagika. Lo! Watu walitoka mbio na mitungi, wanacheka, wanalia, midomo wazi. Mara mmoja akatazama viganja vyake, akapiga ukelele. Mvua ilikuwa nyekundu. Ilichirizika kwenye shuka za merikani na vichwani mwa watoto.

"Damu!" alilia mama yake Masele. "Damu ya wanetu waliokufa langoni! Temeni, jamani, temeni!"

Wakatema. Wengine waliipindua mitungi, wengine waliikimbia ikiwa wazi mvuani. Wazee wakaenda kulishika komeo.

Nyanjige akaukumbatia mtungi wake. "Mtemi wangu, usifungue!"

"Tutakunywa nini, binti yangu?"

"Kilichoshuka."

"Ebo! Utamnywa mumeo?" mkwewe alimfokea.

Neno hilo lilimchoma, maana naye aliamini. Tusimsingizie ujasiri wa mtu asiyeogopa: aliamini kabisa kwamba alichokishika ni damu ya Masele. Akauinua mtungi, akanywa mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akaketi, watu wakimtazama kwa mbali, wakingoja aanguke.

Hakuanguka. Jua likazama, na lango halikufunguliwa.

Kulipokucha, wakachungulia mitungi waliyoikimbia. Wekundu ulikuwa umetuama chini, na juu yalibaki maji meupe pe. Wakanywa, wakawanywesha watoto, wakashika mikuki. Nje hawakukuta mtu. Rugaruga walikuwa wameona kisima kimegeuka chekundu, wakatimka na kuacha hata baruti.

Pombe ya ushindi ikapikwa. Kata moja ilizunguka mdomo kwa mdomo, kama ilivyokuwa desturi ya Ulindwa, na ilipomfikia Nyanjige, wifi yake Holo akamruka, akampa aliyefuata.

"Usinichukie, wifi," alinong'ona. "Sisi tulikunywa maji."

Toka siku ile Nyanjige alikuwa na kata yake peke yake, na jiwe lake la kukalia. Walimsalimia vizuri, walimlimia shamba, wakamwita mwokozi wa mji. Kunywa naye, hakuna. Upweke ulimtafuna, na alilia waziwazi, bila kujificha.

Miaka ikapita. Jioni moja mkwewe, kikongwe sasa, alikuja akijikokota kwa mkongojo, akaketi karibu naye kuliko alivyothubutu mtu yeyote.

"Niambie, mwanangu," alisema. "Masele ulipomnywa, alikuwa na joto?"

Nyanjige alimtazama. Angeweza kusema yalikuwa maji tu, yenye udongo.

"Alikuwa baridi, mama," akajibu. "Aliniondolea kiu yote."

Bibi yule akalia, akamshukuru, akainuka. Nyanjige akamnyooshea kata ya maji kwa ajili ya njiani. Mama mkwe akatikisa kichwa, akaenda zake.