Tone Lililobebwa kwa Barafu

Jicho la Tone, mashine ya kupima mbegu, lilishuka taratibu kutoka darini, likatua juu ya kioo chembamba, na ukuta mzima wa maabara ukawaka. Tone moja la shahawa likatanda ukutani mfano wa bwawa. Ndani yake mbegu za kiume, kila moja na mkia wake, zilipigana vikumbo kwenda mbele. Jicho lilizikagua zote kwa mkupuo mmoja, umbo na mwendo, bila mkono wa mtu kugusa kitu.

Ipyana, peke yake kitini, alikunja uso.

"Umechanganya vikopo. Hizo za mtu mwingine."

"Ni zako," Jicho lilisema kwa upole. "Zina afya. Nizihifadhi kabla hujasafiri?"

Ndiyo ilikuwa sheria ya Mbeya siku hizo: anayekwenda kufanya kazi Mwezini huacha mbegu zake duniani, maana mionzi ya kule haina huruma. Ipyana alikuja kutimiza sheria tu. Mwaka uliopita Jicho hilihili lilimwambia mbegu zake zote zimekufa. Hakumwambia mtu. Alirudi Tukuyu, akamfungashia mkewe Tumpe nguo zake, akasema, "Rudi kwenu. Nimekuchoka." Aliona heri achukiwe kuliko mwanamke mzuri vile azeeke bila mtoto kwa ajili yake. Tangu hapo alisonga ugali wa mtu mmoja, na bado ulimshinda kuumaliza.

"Mwaka jana ulisema zimekufa!"

"Zilikuwa zimekufa."

"Ziliuawa na nini?"

"Hukuuliza. Ulizileta vipi?"

Kazi ya Ipyana ilikuwa kusafirisha chanjo milimani, na tangu ujana alifundishwa neno moja: kitu cha thamani hubebwa kwenye baridi. Leo sampuli aliitolea chumba cha pili, hatua chache tu. Mwaka ule aliitolea nyumbani, akaizika katikati ya barafu ndani ya sanduku lake la chanjo, akalipakata njia nzima kama mtoto.

"Shahawa husafirishwa kwa joto la mwili, kwapani au kifuani," Jicho lilieleza. "Mimi nikizigandisha, huanza kwa kuzitia dawa ya kuzikinga. Barafu tupu huua."

Kwapani! Ipyana alitazama mikono yake kama ya mgeni. Kisha akapiga simu.

"Umekosea namba, baba," Tumpe alisema. "Huku hakuna aliyekuchosha."

"Tumpe, sikukuchoka kamwe." Akamweleza yote, mpaka lile sanduku magotini.

Tumpe akatoa kicheko kifupi, chenye machozi ndani.

"Ndaga, asante sana, mume wa barafu! Mashine haikukuuliza, nawe hukuniuliza. Ungeniuliza, Ipyana, ningekwambia ninachotaka."

"Ulitaka nini?"

"Mtu haulizwi hivyo kwenye simu. Njoo. Ila ujue ninaweza kukataa."

Simu ikakatika. Ukutani, mbegu moja moja zilianza kupunguza mwendo.

"Nizihifadhi?" Jicho lilirudia. "Chombo cha Mwezini kinaondoka kesho."

Ipyana alikuwa ameshasimama, anapapasa mkono wa koti lake ili alivae.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kuna mtu sijamuuliza."