Sufuria ya Mlangoni kwa Binah

Sufuria ilianza kuvuma kabla moto haujawashwa.

Binah aliinama akaitazama. Ndani mlikuwa na maji baridi na mchele wa wanaume waliokuwa wakiezeka shule. Miaka yote ya utumwa sufuria ile ya chuma ilikaa mlangoni kifudifudi, mdomo umeegemezwa jiwe dogo, imeze sauti za waliosali kwa siri, msimamizi wa watumwa asizisikie. Sasa vita vimekwisha, watu wako huru, na Binah aliona si vema chombo kizuri kikae bure. Aliigeuza asubuhi ile.

Shangazi Tenah, aliyemlea, alipoiona juu ya mafiga alikataa kula. Alisema mle ndani mna pepo anayeishi kwa sala za watu wa nyumba ile, na kwamba mdomo ukielekea chini hutulia.

"Umemfungulia, mwanangu. Atazirudisha zote. Yeye hasemi ila kilichokwisha kusemwa."

Mwanzoni ilikuwa kama rehema. Alasiri moja ilitoka harufu ya udongo wa kaburi, kisha sauti ya marehemu mama yake Binah, akimwombea bintiye asiuzwe. Binah alilia, akamshukuru Mungu. Siku zilizofuata zikaja sala za wengine, mwaka baada ya mwaka, zikiwakaribia walio hai.

Uchaguzi ulikuwa Jumanne. Ransom, mumewe, alikuwa amejiandikisha. Yeye na wenzake saba walikutana chumbani kupanga njia ya kwenda kupiga kura, maana barabarani walizunguka wapanda farasi waliojifunika mashuka meupe, wakijidai mizimu ya askari waliofia vitani, ili kuwatisha watu weusi wasipige kura. Wanaume walicheka, mizimu gani hiyo inanuka wiski? Wakaigeuza sufuria kifudifudi kama zamani, wakasali, wakakubaliana kupita kwenye tuta la shamba la mpunga.

Jumatatu mchana, ingawa mdomo ulikuwa chini, sufuria ilisema kwa sauti ya Ransom, wazi kama mtu anayehutubia: tuta la mpunga, kabla ya jua, watu wanane. Binah aliifunika kwa blanketi, akaikalia, akaimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote, sauti ya mumewe ikitetemesha chuma chini yake, na alipoinua macho aliwaona Wazungu wawili juu ya farasi, nje ya ua, hawana mashuka, wameinamisha vichwa wakisikiliza.

Jioni alimwomba mumewe apite njia nyingine.

"Ipi, Binah? Barabara ni yao, mto umefurika." Ransom alimshika mkono. "Nimeuzwa mara mbili, mke wangu. Kesho nitaulizwa namtaka nani. Niache niulizwe."

Jua lilipochomoza alikuwa ameshaondoka. Binah na Tenah waliikokota sufuria hadi mtoni, Tenah akaliita jina la Yesu mara tatu, wakaisukuma, na maji yalipokuwa yakiingia mdomoni ikatoka sala ambayo Binah hakuwahi kuisikia, ya Ransom, ya taratibu, akimwomba Mungu amtunzie mkewe, kisha akiwaomba watu fulani, kwa adabu, wamfungue mkono mmoja tu ajifute damu machoni.

Sufuria ikazama.

"Shangazi," Binah alinong'ona, "hiyo ni ya kesho, sivyo? Niambie ni ya kesho."

Tenah alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwani, akikichana taratibu, utepe wa kutosha kumfunga maiti kidevu.