Rimoti ya Taa ya Matumbawe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta chumvi iliyoganda kwenye kingo za tangi la kioo pale sebuleni, akajaza maji yaliyopungua, kisha akawahesabu samaki. Muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Jina hilo la utani hakupewa bure: alizungumza na samaki, na konokono, hata na pampu.

Mama yake alikuwa fundi wa matangi ya samaki. Aliyahudumia ya ofisini na ya hospitalini, na hili la nyumbani lilikuwa la maji ya chumvi, la kufugia matumbawe. Siku aliponunua taa mpya aligawa kazi.

"Chiriku, wewe utachagua wakazi wa tangi. Taratibu, wewe utashika taa."

Taratibu alikuwa binti wa mama mkubwa, aliyekuja kukaa nao wakati mama yake akisoma chuo katika mji mwingine. Kufunga kamba za viatu tu kulimchukua dakika tano.

Kuchagua wakazi hakukuwa lelemama. Dukani, Chiriku alimtaka kila aliyemwona.

"Huyu wa manjano, Mama!"

"Huyo chakula chake ni matumbawe. Atatumalizia yote."

"Basi huyu wa bluu."

"Akikua atakuwa mrefu kama mkono wako. Atageukia wapi?"

Walirudi mara tatu, kwa wiki tatu. Mwishowe Chiriku alichagua samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, kamba mmoja, konokono wanne na tumbawe changa la kijani, lenye vidole vilivyochezacheza majini. Hilo tumbawe alilipenda kuliko vyote.

Lakini sifa zilikwenda wapi? Jirani mshonaji alipoingia tu, alishika kiuno. "Makubwa! Taa hii imeifanya sebule ing'ae namna hii? Nani anaishughulikia?"

"Taratibu," Mama alijibu.

"Hongera, mwanangu! Una mkono mzuri."

Roho ilimuuma Chiriku. Wiki tatu za kuchagua, na hakuna aliyeuliza nani kachagua! Tangu siku hiyo kila kitu cha Taratibu kilimkera: daftari lake, hatua zake za polepole, na zaidi ile rimoti ya taa aliyoishika kama yai. Mama aliagiza taa ianzie asilimia ishirini, iongezwe tano kila wiki. Alieleza kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake mna vimea vidogo mno vinavyompikia chakula kwa mwanga. Mwanga ukizidi ghafla, vimea hivyo hutoka, naye hubaki mweupe na mwenye njaa. Taratibu aliandika kila namba. Wiki ya tatu walikuwa wamefika thelathini.

Jumamosi, Taratibu alikwenda kumtembelea mama yake, arudi Jumapili jioni. Mama naye alishinda kwenye matangi ya ofisini siku zote mbili, akirudi taa imeshajizima. Chiriku aliitazama rimoti pale rafuni. Mama akidhani Taratibu amekosea, aliwaza, rimoti atanipa mimi. Akabonyeza hadi mia moja, akaiacha hivyo.

Jumatatu asubuhi Mama alisimama mbele ya tangi. Tumbawe la kijani lilikuwa limejikunja, limepauka kama chokaa. Aliichukua rimoti; ilionyesha mia moja.

"Taratibu, rimoti uliiacha kwenye ngapi?"

"Thelathini, mama mdogo." Akafungua daftari, akaisoma namba yake. "Labda nilibonyeza vibaya. Nilikuwa na haraka ya kuondoka."

Mama alipumua kwa nguvu. "Basi kwa sasa rimoti atashika Chiriku."

Alichokitaka alikipata. Lakini hakikuwa na utamu wowote. Lile tumbawe alilichagua yeye mwenyewe, na sasa kila alipoinama kufuta kioo alikutana na weupe wake. Samaki walikuja mbele ya kioo kama kawaida, ila Chiriku hakuwa na la kuwaambia.

Jumatano alimsikia Taratibu akizungumza kwa simu chumbani. "Mama, nimemuua mnyama wa watu. Siaminiki hapa. Naomba nije nikae na wewe." Kisha akalia.

Chiriku alipiga moyo konde, akaenda jikoni. "Mama, ni mimi. Niliweka mia moja makusudi. Jirani alimsifu yeye, mimi hakunisifu."

Mama aliweka mwiko chini. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Chiriku zaidi. Alimwita Taratibu, akamtaka Chiriku ayarudie maneno yale yale mbele yake. Akayarudia, machozi yakimtiririka. Kisha Mama akampa simu amweleze mama mkubwa pia.

Jioni ile walilishusha tumbawe hadi chini ya tangi, wakapunguza mwanga hadi kumi na tano. Rimoti ilirudi kwa Taratibu. Siku mbili hakusema na Chiriku. Siku ya tatu alimsogezea daftari, akamwambia, "Namba nitaandika mimi. Wewe andika rangi yake."

Wiki sita Chiriku aliandika "jeupe". Wiki ya saba aliona ukijani kwenye ncha za vidole viwili, akapiga ukelele uliowaleta wote sebuleni.

Mama aliinama akatazama, kisha akamgeukia. "Hebu niambie, Taratibu alikuchukulia kitu gani?"

Chiriku alifikiri. Kazi yake alikuwa nayo, tumbawe lake alikuwa nalo, na Mama alikuwa wake. "Hakuna," alisema.

"Ndivyo wivu ulivyo, mwanangu. Unakuambia umeibiwa, nawe hujaibiwa kitu. Ukakutuma umuumize mwenzako, nawe ukaishia kumchoma mnyama wako mwenyewe. Siku nyingine ukianza kukuuma, njoo uniambie, 'Mama, naona wivu.' Si aibu kuusema. Aibu ni kuutii."