Moto Uliopita Juu ya Kagerankanda

Jioni ile Winifrida alikuwa nje ya nyumba yake, kijijini Kagerankanda, akichambua maharage. Mumewe, Kipriani, alikuwa ndiyo kwanza amerudi shambani na baiskeli yake. Jua lilikuwa limeshazama. Ghafla moto ulipita angani, wenye mkia mrefu. Ukakatika vipande vipande, ukatoweka. Baadaye kikasikika kishindo.

Asubuhi Kipriani alikuta tufe la chuma shambani mwake. Lilikuwa jeusi, kubwa kama chungu. Aliligusa. Lilikuwa baridi. Akasema kitu kilichotoka kwenye moto hakiwezi kuwa baridi, kwa hiyo kuna mtu amekileta. Na moto wenyewe si ulipita juu ya migomba ya Nizigiyimana?

Nizigiyimana ni jirani yao, mjane mwenye watoto wadogo. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi. Yeye ni raia wa Tanzania. Msimu huu aligombana na Kipriani kwa sababu ya minyaa, miti ya ua, iliyopandwa mpakani mwa mashamba yao. Basi, hiyo ilitosha. Kipriani alibeba lile tufe kwa mikono mitupu hadi nyumbani. Akaita watu, akawaambia mchawi amepatikana. Inaudhi. Mtu huyuhuyu hanunui hata jembe bila kuuliza maswali, lakini kumwita jirani yake mchawi hakuuliza hata moja.

Walimwendea. Kipriani alikata migomba ya mjane huyo kwa panga, watoto wakiangalia. Akamwambia kufikia jioni awe ameondoka, la sivyo nyumba itachomwa.

"Rudi kwenu," alisema.

"Kwetu ni hapa," Nizigiyimana alijibu. "Mume wangu amezikwa hapa. Nirudi wapi?"

Winifrida alikasirika. Alimpigia simu dada yake anayekaa Kumsenga, kule wilaya ya Kibondo, mbali na hapa, akamsimulia yote. Dada alishangaa sana. Alisema hata wao waliuona moto huo, saa ileile. Na huko watu walikuwa wanamtuhumu mzee mmoja, kwa sababu ulipita juu ya paa lake.

Winifrida hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Faudhia, mpangaji wa jirani mwingine anayefundisha fizikia sekondari. Walirudi pamoja, Winifrida akimsimulia yote njiani. Wakakuta watu wamelizunguka tufe, na watoto wanalipiga mateke.

Kwanza Mwalimu aliwasogeza wote mbali, Kipriani akiwemo. Alisema vitu kama hivi vinaweza kubaki na mafuta yenye sumu, kwa hiyo haviguswi. Unakaa mbali, unamwita mtendaji wa kijiji au polisi. Akamwamuru Kipriani anawe mikono kwa sabuni. Kisha akamgeukia, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Divine, moto huu umeonekana juu ya paa la mtu hata Kibondo. Huyu mama ana migomba mpaka huko?"

Mwalimu akaeleza kwamba moto ule ulikuwa juu sana, kilomita nyingi. Ndiyo maana kila mtu aliuona juu ya nyumba ya jirani yake. Yaelekea lilikuwa pande la roketi au setilaiti, mitambo inayozunguka dunia huko juu.

"Huko juu si hakuna kinachovuta?" Kipriani aliuliza kwa ukali. "Sasa kimeangukaje?"

"Kipo. Dunia inavuta jiwe, inavuta hata mwezi. Ukirusha jiwe polepole, linaanguka karibu. Ukirusha kwa nguvu, linaanguka mbali. Setilaiti ina kasi kubwa mno. Inaanguka kila wakati, lakini dunia ni mviringo, na ardhi inajipinda chini yake. Kwa hiyo inazunguka tu."

"Na hiki?"

Mwalimu alisema hewa haikatiki ghafla kama ukuta. Kadiri unavyopanda, inazidi kuwa nyepesi. Hata hiyo kidogo ya juu huipunguzia setilaiti mwendo, nayo hushuka taratibu. Ikifika kwenye hewa nzito bado ina kasi kubwa, na hewa iliyo mbele yake inabanwa.

Akaomba pampu ya baiskeli. Kipriani akaziba tundu kwa kidole, akasukuma kwa nguvu, mara nyingi. Akashika upande wa chini wa pampu. Ulikuwa wa moto.

"Nani ameweka moto humo?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Ni hewa imebanwa. Huko juu inabanwa zaidi sana, mpaka chuma kinayeyuka. Vipande vigumu vinabaki. Hewa nzito inavipunguzia mwendo, vinapoa vikishuka. Na hiki kimelala shambani usiku kucha kwenye umande. Kwa nini kisiwe baridi?"

Kipriani aliweka pampu chini. Winifrida alimpa simu. Akamlazimisha aongee na watu wa Kumsenga, awaeleze yote aliyoyasikia. Alieleza kwa kusitasita, lakini alieleza. Yule mzee wakamwacha.

Polisi walikuja na wataalamu, wakalichukua tufe. Kwenye mkutano wa kijiji Kipriani alisimama, akasema amemsingizia jirani yake, akaomba radhi. Siku iliyofuata alimpelekea Nizigiyimana machipukizi ya migomba, akapiga hodi, akaanza kuchimba mashimo.

Nizigiyimana alimtazama kutoka mlangoni. Alikuwa amebaki kwake, lakini hasira haikuwa imemtoka.

"Migomba itaota," alisema. "Lakini mwanangu mdogo amesikia sauti yako, ameingia chini ya kitanda. Hakuogopa ule moto, Kipriani. Anakuogopa wewe."