Ukingo wa Fuwele

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kiberiti alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa ileile: kuzoa tope la mawe chini ya msumeno, kuosha ndoo na kupanga vioo. Watafiti wa miamba walimletea shangazi mawe. Yeye aliyakata, akavibandika vipande vyake juu ya vioo vidogo, kisha akavisaga kwenye gurudumu mpaka vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Gurudumu hilo Kiberiti hakuruhusiwa kuligusa. Binamu yake, mtoto wa shangazi, aliruhusiwa, na hilo lilimkera kupita kiasi. Jina la Kiberiti hakupewa bure. Hasira zake ziliwaka upesi na hazikuchagua pa kuunguza.

"Wewe zoa tope tu," binamu alimwambia siku hiyo akitoka kuchota maji. "Mikono yako ina haraka."

Kiberiti alifura. Haraka? Atamwonyesha haraka. Akachukua kipande kilichokuwa mezani, akawasha gurudumu na kukibonyeza kwa kidole gumba, upande mmoja, kwa nguvu zote za ghadhabu yake. Alipokiinua, upande ule ulikuwa umelika, kimebaki kioo kitupu.

Akakirudisha mezani. Nusu nyingine ya jiwe kilikotoka kipande hicho, ambayo shangazi huitunza mpaka mwenye mali achukue kazi yake, akaizamisha kwenye ndoo ya tope ili watu wasije wakalinganisha.

Kesho yake alasiri mtafiti mwenye jiwe hilo alikuja. Alikiweka kipande chini ya darubini, akatazama, akakunja uso.

"Fundi, ukingo wa fuwele uko wapi?"

Shangazi aliinama kutazama. Aliponyanyuka, mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

Mtafiti alitoa picha ya kipande kingine cha mwamba uleule. Ilionyesha fuwele ya madini ya felspa yenye mistari, mmoja ndani ya mwingine, kuanzia katikati hadi pembeni. "Palipong'aa pana bariamu nyingi, metali moja nzito," alisema. "Fuwele ilianza ndogo ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Bariamu hupenda kuingia kwenye felspa kuliko kubaki kwenye uji huo wa moto, kwa hiyo tabaka za kwanza ziliinyonya, na zilizofuata zikapata kidogo. Lakini nje kabisa kuna mstari unaong'aa tena. Nadhani magma mpya yenye moto iliingia kutoka chini. Nilitaka fuwele ya pili inihakikishie. Upande wake mmoja ulivunjwa na nyundo yangu, na uliobaki mzima ndio huu mliousaga."

Shangazi aliitafuta nusu nyingine ya jiwe, hakuiona. Hakuuliza mara mbili. Alimgeukia mwanawe. "Gurudumu unalishika wewe. Kuanzia leo usiliguse. Nimejenga jina langu kwa jasho, wewe unalisaga kwa uzembe."

"Sikusaga mimi, mama."

"Na uongo juu yake."

Binamu alivua aproni, akaitundika ukutani na kuelekea mlangoni. Kiberiti alidhani angefurahi. Badala yake damu ilimchemka: alimchukia binamu kwa kuondoka kimya, akamchukia mtafiti na picha yake, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe.

"Mbona unaondoka?" alifoka. "Mbona hujitetei? Ni mimi. Nimesaga mimi, na nusu ya jiwe nimeificha mimi."

Kiberiti aliitia mikono kwenye ndoo mpaka viwikoni, akalitoa lile jiwe likichuruzika tope na kulikabidhi kwa shangazi bila kumtazama machoni.

Shangazi aliliosha. Fuwele ileile iliendelea ndani yake, na ukingo wake ulikuwa mzima. Alikata, akabandika, akasaga polepole kwa mkono wake mwenyewe. Siku chache baadaye mtafiti alirudi na picha mpya. Pembeni mwa fuwele palikuwa na mstari mwembamba uliong'aa.

"Bariamu hiyo haikuchanganyika na tabaka nyingine miaka yote hiyo?" Kiberiti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bariamu husogea taratibu mno ndani ya felspa," mtafiti alijibu. "Kila tabaka hubaki na ilichokipata."

Alipoondoka, shangazi alimwita Kiberiti. Uso wake haukuwa umelegea.

"Bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia kwa muda. Hasira yako iliharibu jiwe, na jiwe limepata dawa. Kimya chako kilitaka kumharibu mwanangu. Hilo halifutiki, limeshakuwa sehemu yako. Lakini hukukomea hapo. Ulisema kweli ukijua itakuumiza, na hiyo nayo ni tabaka, iko juu ya ile mbaya. Ukiwaka tena, ondoa mikono kwenye kazi ya watu. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

Binamu alikuwa amerudishiwa aproni yake. Hakuwa amemsamehe, na hakujisumbua kuficha. Alichambua mawe ya kutupwa pale pembeni, akachagua moja na kulisukuma mezani mbele ya Kiberiti.

"Mama amekubali ujifunze na hili," alisema akiwa amenuna. "Bonyeza katikati. Na ukiliharibu, useme."